Vekta au pikseli: nani anachora ramani yako?

Najua nimepotea, na kwa hilo naomba radhi. Kazi ya kuajiriwa imenibana, na wikendi zangu zimeliwa na jambo moja ambalo leo nimeamua kulimwaga lote hapa. Limenifundisha kuliko vile vitabu vya programu vinavyokusanya vumbi kwenye rafu yangu. Jambo lenyewe ni ramani za mtandaoni, na lile swali ambalo sisi watengenezaji programu hupenda kulibishania: vekta au pikseli?

Usiogope maneno hayo. Kama wewe si mtu wa kompyuta, kaa hapa hapa, nitayafafanua polepole. Lakini kwanza nikupe kisa.

Simu ya Jumatatu

"Mwanangu, ile ramani yako imekuwa nyeupe."

Aliyepiga ni mwalimu mstaafu, mwenyekiti wa kikundi kidogo cha maji kule Ganze, kaunti ya Kilifi. Ilikuwa mwaka wa 2023, Jumatatu asubuhi, nami niko ndani ya matatu naelekea kazini Nairobi.

"Shikamoo Mwalimu. Nyeupe vipi?"

"Marahaba. Nyeupe kama karatasi. Barabara hazipo, vijiji havipo, alama zetu hazipo."

Nikamuuliza kama intaneti iko. Akacheka. "Intaneti iko. Nimetoka kusoma habari sasa hivi."

Nilimwambia nitaangalia nikifika ofisini. Moyoni nilijua lazima kosa ni la kwao: bando limeisha, au simu inataka kuzimwa na kuwashwa. Mtu wa kompyuta husema hivyo haraka sana. Kumbe ijumaa iliyotangulia mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeibadilisha ramani hiyo kutoka pikseli kwenda vekta, tena kwa mbwembwe.

Ramani yenyewe ilikuwa ya nini

Mama yangu mzazi anatoka upande ule, ndiyo maana niliingia kwenye kazi hii bila malipo. Ganze ni sehemu kavu. Mvua ikikosa, mabwawa hukauka na watu hutegemea visima vichache vyenye pampu. Pampu ikiharibika hakuna tangazo redioni. Mtu hutoka nyumbani alfajiri na mitungi yake ya lita 20, anatembea saa nzima, anafika anakuta mpini umefungwa kwa kamba. Hapo anaanza safari nyingine ya kisima kingine.

Basi mwaka wa 2017 niliwatengenezea ramani ndogo. Kila pampu ni kidoti. Ikifanya kazi ni kijani, ikiharibika ni nyekundu. Msimamizi wa pampu anabadilisha rangi kwa simu yake, na wengine wanachungulia kabla ya kutoka nyumbani. Basi, hakuna maajabu zaidi ya hayo. Nilitumia Leaflet, programu ya bure ya kuonyesha ramani ambayo Vladimir Agafonkin wa Ukraine aliitoa mwaka wa 2011, pamoja na ramani ya chini iliyochorwa na watu wengine kwa njia ya picha. Ikafanya kazi miaka sita bila kuniamsha usiku.

Haikupendeza macho yangu, lakini ilifanya kazi. Na macho yangu ndiyo yaliyoleta shida.

Pikseli: shati la mtumba

Sasa tuingie kwenye mada. Pikseli ni kile kidoti kidogo cha rangi kinachojenga picha kwenye skrini. Ramani ya pikseli ni picha tupu, sawa na picha uliyopiga harusini.

Wakongwe wa mtandao mtakumbuka tovuti kama MapQuest, iliyoanza mwaka wa 1996. Ukitaka kusogea mashariki unabofya mshale, unangoja ukurasa mzima ufunguke upya, unakunywa chai. Google Maps ilipotoka Februari 2005 ilikuja na ujanja wa vigae. Ramani nzima ilikatwakatwa kuwa vipande vya mraba, ambavyo baadaye vilizoeleka kuwa vya pikseli 256 kwa 256. Ukiburuta ramani, kivinjari kinaleta vile vigae vilivyokosekana tu.

Hesabu yake ni tamu. Ngazi ya 0, dunia nzima inakaa kwenye kigae kimoja. Ngazi ya 1, kigae hicho kinagawanywa mara nne. Ngazi ya 2, kila kimoja cha hivyo vinne kinagawanywa tena mara nne, na kuendelea. Ukifika ngazi ya 18, ambapo unaona nyumba moja moja, dunia inahitaji vigae 68,719,476,736. Hapo, kwenye mstari wa ikweta, kwa mfano Nanyuki, upande mmoja wa kigae ni kama mita 153, na pikseli moja ni kama sentimita 60. Unaweza kuona choo cha nje, ila mlango wake huuoni.

Nani anachora vigae hivyo? Seva. OpenStreetMap, ule mradi wa ramani huria ulioanzishwa na Steve Coast kule Uingereza mwaka wa 2004, kwa miaka mingi umetumia programu iitwayo Mapnik kwa kazi hiyo. Seva inachukua data, inachora barabara, inaandika majina, inahifadhi picha. Simu yako inazipokea na kuzipanga tu, kama fundi anayepanga vigae sakafuni. Hata simu dhaifu inaiweza kazi hiyo.

Mimi hufananisha na shati la mtumba la Gikomba. Limeshonwa mbali, na mtu asiyekujua. Unalinunua, unalivaa papo hapo. Ila likikubana mabegani, limekubana. Ukiivuta picha ya kigae ili iwe kubwa, inafifia na kuwa na ukungu. Ukiigeuza ramani, maneno nayo yanasimama kichwa chini. Na neno lililoandikwa pale si neno tena kwa kompyuta, ni vidoti vya rangi. Kigae kilichoandikwa Indian Ocean huwezi kukiomba kiseme Bahari ya Hindi.

Vekta: daftari la fundi cherehani

Vekta haiji kama picha. Inakuja kama maelezo: anzia nukta hii, nenda nukta ile, kata kushoto, hiyo ni barabara, jina lake ni fulani. Eneo hili ni msitu. Nukta hii ni shule. Rangi hazimo, unene wa mistari haumo, hata aina ya herufi haimo.

Hilo ni daftari la fundi wa nguo. Kifua inchi 40, mkono inchi 24, shingo 16. Kwa vipimo hivyo unaweza kushona shati la kitenge leo na la pamba kesho, kubwa au dogo, na linakaa vizuri. Sharti ni moja tu: nyumbani kwako lazima kuwe na cherehani, na cherehani iwe nzima.

Cherehani hiyo ni chipu ya michoro iliyomo ndani ya simu. Njia ya kivinjari kuifikia inaitwa WebGL, iliyotolewa rasmi mwaka wa 2011. Kwenye programu za simu mambo yalianza mapema kidogo. Google ilileta ramani za vekta kwenye Android Desemba 2010. Apple ilipotoa ramani zake mwaka wa 2012, zilikuwa za vekta tangu siku ya kwanza. Kampuni ya Mapbox ilitoa mwaka wa 2014 kanuni za kigae cha vekta ambazo yeyote anaweza kuzifuata, na hadi leo ndizo zinazotumiwa na wengi. Desemba 2020 kampuni hiyo ilibadilisha leseni ya programu yake ya kuchora, ikaacha kuwa huria. Jamii ya watengenezaji ikachukua toleo la mwisho lililokuwa huru na kuliendeleza kwa jina la MapLibre. Hiyo ndiyo niliyoichukua mimi.

Kilichonipagawisha ni hesabu. Kigae cha vekta kwa kawaida hugawa upande wake katika hatua 4,096. Kigae cha ngazi ya 14 kwenye ikweta kina upande wa kilomita 2.4 hivi. Gawanya kwa 4,096, unapata kama sentimita 60. Umeona? Ni usahihi ule ule wa pikseli ya ngazi ya 18! Maana yake ni kwamba naweza kukomea ngazi ya 14, na simu yenyewe ikaendelea kukuza mpaka nyumba moja moja bila ukungu.

Kaunti ya Kilifi ina zaidi ya kilomita za mraba 12,000. Kuifunika kwa picha, ngazi ya 18 peke yake ni vigae zaidi ya 500,000. Kwa vekta, ngazi ya 14 ni vigae 2,000 hivi. Usiku niliopiga hesabu hiyo nilisimama nikazunguka chumba kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Halafu majina. Kwenye data ya OpenStreetMap mahali panaweza kubeba jina la kawaida na pia jina kwa kila lugha. Kwa Kiswahili alama yake ni name:sw. Kwa vekta, ninaandika agizo moja: andika jina la Kiswahili, na kama halipo andika la kawaida. Maneno yanabaki maneno mpaka dakika ya mwisho, simu ndiyo inayoyaandika. Wanakikundi nao walikuwa wamenipa majina ya mabwawa yao wanavyoyaita wenyewe, majina ambayo hayakuwa kwenye ramani yoyote niliyoifahamu. Nikayatia yote. Niliposogeza ramani hadi pwani na kuona Bahari ya Hindi imeandikwa kwa lugha yangu, nilitabasamu peke yangu.

Nikaijaribu kwenye laptopu yangu, nikaijaribu kwenye simu yangu. Iliinama, ikazunguka, ikateleza kama samli kwenye kikaango. Wenzangu kazini walisema, "Hii sasa ndiyo ramani." Ijumaa jioni nikaipeleka hewani. Wale wa kazi hii mnajua: hakuna jema linalopelekwa hewani Ijumaa jioni.

Siku ya Jumatano

Jumatatu na Jumanne nilimtumia Mwalimu maagizo. Futa kumbukumbu ya kivinjari. Zima simu, washa. Jaribu kivinjari kingine. Alifuata yote kwa uvumilivu wa mtu aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi.

Jumatano jioni alinipigia, safari hii hakucheka.

Pampu moja ilikuwa imekatika usiku wa kuamkia Jumanne. Msimamizi wake, ambaye ana simu nzuri aliyonunuliwa na mwanawe, aliitia nyekundu mapema. Kwake ramani ilikuwa inafunguka vizuri. Lakini kuna mama mmoja anayeishi upande wa pili. Alifungua ramani kwenye simu yake, akaona weupe. Hakuona kidoti chochote chekundu. Akaelewa kwamba hakuna pampu iliyoharibika. Akamchukua bintiye wa miaka minane amsaidie mtungi mdogo, wapitie maji kisha mtoto aende shule.

Walifika wakakuta mpini umefungwa kamba. Wakaenda kisima cha pili, foleni ikiwa ndefu kwa sababu watu wa pampu iliyokufa walikuwa wamehamia huko. Walirudi nyumbani saa tisa alasiri. Mtoto hakwenda shule siku hiyo.

Mwalimu hakunilaumu. Aliniambia tu, "Nimekueleza ili ujue." Ningependa angenikaripia.

Nimeandika programu kwa miaka mingi, na hitilafu nimeziona za kila aina. Hii ilinikaa kooni. Ile ramani ya picha, ikishindwa, huonyesha vipande vilivyokatika, na mtu anajua kuna kasoro. Hii yangu ilishindwa kwa unyamavu. Weupe wake haukusema "sijui". Ulisema "hakuna shida".

Simu kumi na moja chini ya mwembe

Ijumaa usiku nilipanda basi. Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa chini ya mwembe Ganze, na Mwalimu amewaita watu waje na simu zao. Zilikuwa kumi na moja. Nilizipanga kwenye mkeka na kuzifungua moja moja, huku watoto wamenizunguka kama nauza maandazi.

Nne zilionyesha ramani sawasawa. Mbili zilichora kwa kujikokota, mgongo wa simu ukipata joto, na betri ikishuka tukiitazama. Tano zilikuwa nyeupe.

Ndani ya hizo tano, nyingine kivinjari kilikataa kabisa kufungua WebGL, kwa sababu chipu zake za michoro zinajulikana kuleta matatizo. Nyingine kilifungua, kumbukumbu ikajaa, kikafunga kimya kimya. Ramani ya chini na vidoti vyangu vyote vilichorwa na programu ile ile, kwa hiyo ilipoanguka ilianguka na kila kitu.

Hizi si simu mbovu. WhatsApp inafanya kazi, M-Pesa inafanya kazi, video zinacheza. Ni simu za bei ambayo watu wanaiweza, zimetumika miaka mingi, nyingine zimerithiwa kutoka kwa ndugu wa mjini. Kilichobadilika si simu. Nilichobadilisha mimi ni mchoraji. Zamani seva ilichora, wao wakatazama. Ijumaa ile niliitoa kazi ya kuchora kwenye seva nikawatwika wao, bila kuwauliza kama wana cherehani.

Na gharama pia niliwatwika. Leaflet ni kama kilobaiti 42 tu. MapLibre, hata baada ya kubanwa, ni zaidi ya 200. Ongeza mafaili ya herufi, kwa sababu kuandika majina simu inahitaji kuletewa umbo la kila herufi. Mwenye bando la mwezi hatahisi kitu. Anayenunua bando la siku anahisi. Na pale ambapo watu hulipia kuchajisha simu dukani, betri nayo ni pesa.

Yule mama alikuwepo. Nilimwomba radhi mbele ya watu. Akaniuliza, bila hasira yoyote, "Kwani ile ya kwanza ilikuwa na ubaya gani?"

Sikuwa na jibu zuri. Ningemwambiaje kwamba mistari yake haikuteleza? Nikatoa simu yangu nikamwonyesha mpya ilivyo. Akaitazama, akasogeza kwa kidole, akafika kwenye bwawa la karibu na kwao. Akasoma jina kwa sauti. Akawaita wenzake: njooni muone, wameliandika tunavyoliita. Walikusanyika watano sita juu ya simu moja, wakitafuta mabwawa yao.

Kisha akanirudishia simu. "Hii nzuri. Sasa itie kwenye simu yangu."

Nilichokifanya

Hiyo ndiyo kazi iliyoliwa na wikendi zangu. Nakupa kwa ufupi, pengine itakusaidia.

Kwanza, niliacha kuchagua upande. Data yangu inabaki vekta, hilo daftari la vipimo silitupi. Lakini sasa seva yangu inasoma daftari lile lile na kuchora vigae vya picha, kwa rangi zile zile, kwa majina yale yale ya Kiswahili na ya kienyeji. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu la pili. Miaka sita nilidhani pikseli haiwezi kusema lugha yangu. Kumbe inaweza. Mimi ndiye niliyekuwa navaa shati lililoshonwa na wengine, nikalaumu nguo. Nilikomea ngazi ya 16, ambayo kwa kaunti nzima ni vigae kama 32,000. Diski ndogo tu inavihifadhi.

Pili, niligeuza mpangilio. Kila simu inaanza na picha. Ukurasa ukishafunguka ndipo unaiuliza simu taratibu: je, WebGL unayo? Kumbukumbu inatosha? Ikijibu vyema, kitufe kinatokea cha kuhamia ramani ya vekta. Isipojibu, hakuna anayejua kwamba iliulizwa. Mwanzo nilikuwa nimeweka vekta kama haki ya wote na picha kama msaada kwa maskini. Sasa picha ndiyo sakafu, na vekta ni zulia juu yake.

Tatu, na hili ndilo lililonichukua dakika ishirini tu, juu kabisa ya ukurasa niliweka maandishi ya kawaida: "Pampu zilizoharibika leo", na orodha ya majina. Haihitaji ramani, haihitaji picha. Na kama orodha haikufika kutoka kwenye seva, ukurasa unasema waziwazi: "Hatujapata habari za leo. Mpigie msimamizi kabla ya kutoka." Lile agizo la dakika ishirini lingemfikisha yule binti shule.

Basi kipi bora?

Mkinilazimisha nijibu, nitasema hivi. Picha za setilaiti zitabaki pikseli, maana kamera huona rangi, haioni barabara wala majina. Kwa kuongoza safari, ambapo ramani inazunguka kufuata uelekeo wako, chukua vekta, maneno yatasimama wima daima. Kwa kuhifadhi eneo kubwa ndani ya simu ili litumike bila mtandao, chukua vekta. Kwa ramani moja inayopaswa kusomeka kwa lugha nyingi, vekta haina mpinzani. Kwa ramani ndogo ya kuonyesha duka lako liko wapi, picha inatosha, usimtwike mteja mtambo mzima. Na kwa wasomaji ambao simu zao hujawahi kuzishika, anza na picha.

OpenStreetMap wenyewe waliweka ramani ya vekta kwenye tovuti yao kuu mwaka wa 2025, zaidi ya miaka ishirini tangu mradi uanze. Hawakuiondoa ile ya picha. Niliposoma habari hiyo nilijisikia nimepata wenzangu.

Tena tusisahau jambo moja katika ubishi wetu huu. Kabla ya mwaka wa 2009 Kibera ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za mtandaoni, ingawa watu wengi waliishi pale. Haikuwa kosa la pikseli. Vijana wa Kibera walishika vipokezi vya GPS, wakatembea vichochoro, wakaandika vyoo, shule, zahanati na mabomba ya maji. Mradi huo, Map Kibera, ndio uliojaza lile doa. Hakuna mchoraji, awe seva au simu, anayeweza kuchora kisichopimwa. Mabwawa ya Ganze nayo yako kwenye ramani yetu kwa sababu watu walioyajua walikaa nami wakayataja.

Yule mama simu yake ni ile ile. Inafungua ramani ya picha, yenye jina la bwawa lao, haijui habari za vekta wala haina haja. Mwalimu bado hunipigia, siku hizi mara nyingi kunieleza habari za mvua.

Kwa leo naomba niishie hapo. Nina ombi moja kwenu mnaotengeneza tovuti na programu. Leo jioni tafuta simu ya bei ya chini kabisa iliyopo nyumbani kwenu au kwa jirani, fungua kazi yako humo, kisha ukae kimya uitazame. Ukiona weupe, usianze kwa kumwambia mwenyewe azime na awashe.

Tukutane tena, Mungu akipenda.